Umbali wa ndege na muda wa safari: kwa nini kilomita zilezile hazitoi saa zilezile (mfano: Singapore – New York)

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kukata tiketi na kupanga ratiba za watu wanaosafiri mbali, na kuna swali moja ambalo haliishi. Mtu ameingia kwenye tovuti ya kukokotoa umbali, kaandika viwanja vyake viwili, kapewa kilomita na saa. Akitazama tiketi anakuta saa nyingine. Akitazama ya kurudi, nyingine tena. Anauliza nani kamdanganya. Hakuna aliyemdanganya, ila kila namba inapima kitu chake, na asiyejua hilo anaweza kukosa ndege ya kuunganisha, au kumpeleka ndugu yake kupokea mgeni siku ambayo mgeni bado yuko angani. Naomba mnivumilie, nitaandika kwa urefu.

Nachukua mfano mmoja tu, mkali: uwanja wa Changi wa Singapore na John F. Kennedy wa New York. Ndiyo safari ndefu kuliko zote za abiria zinazoruka kwa ratiba bila kutua njiani. Kilomita zake ni karibu 15,350.

Namba hiyo inatoka wapi? Ukiwa na ramani ya ukutani na rula utapotea kabisa, kwa sababu ramani bapa imelazimika kuivuta dunia ili ikae kwenye karatasi. Ramani ya Mercator, ya mwaka 1569, ilitengenezwa kwa ajili ya mabaharia na inatunza mwelekeo vizuri sana, lakini ukubwa inauharibu kadiri unavyokaribia ncha. Humo Greenland inaonekana kama inalingana na Afrika, na kumbe Afrika ni kubwa mara 14 hivi. Kwa hiyo mstari ulionyooka kwenye karatasi ile si njia fupi. Chukua tufe, kamata kamba, ibane kwenye mji mmoja na uivute hadi mwingine mpaka ikaze. Pale ilipokaza ndipo njia fupi ilipo, na wataalamu wanaiita duara kuu.

Sasa angalieni kitu kizuri kwenye mfano wetu. Changi ipo nyuzi 1.4 kaskazini mwa ikweta, longitudo 104 mashariki. Kennedy ipo nyuzi 40.6 kaskazini, longitudo 73.8 magharibi. Jumlisha longitudo hizo mbili: 177.8. Inakaribia 180, maana yake viwanja hivi viko karibu kabisa pande mbili za dunia zinazokabiliana. Njia fupi kati yao basi inapita jirani mno na Ncha ya Kaskazini. Hapo hesabu haitaki hata kikokotoo cha kisayansi. Kutoka Changi hadi ncha ni 90 kutoa 1.4, yaani nyuzi 88.6. Kutoka ncha hadi Kennedy ni 90 kutoa 40.6, yaani 49.4. Jumla nyuzi 138. Kila uzi mmoja ni kilomita 111.2 hivi juu ya uso wa dunia. Zidisha: kilomita 15,346. Umepata kwa kalamu kile ambacho tovuti inakupa. Tofauti ndogo inayobaki inatokana na kwamba hatukupita nchani penyewe, na kwamba dunia si mviringo kamili: imebonyea kidogo kwenye ncha, mzunguko wake kwenye ikweta ni kilomita 40,075 na ule wa kupitia ncha ni 40,008.

Huo ndio umbali, na hauna mjadala. Mjadala unaanzia kwenye saa. Tovuti nyingi za aina hii huchukua kilomita, zikagawanya kwa kasi moja iliyokadiriwa, kisha zikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Ukigawanya 15,350 kwa 900 na kuongeza nusu saa unapata kama saa 17 na dakika 33. Ukitumia 800 unapata saa 19 na dakika 41. Viwanja vilevile, kilomita zilezile, na tofauti imepita saa mbili, kisa ni kasi aliyoichagua aliyetengeneza tovuti. Na hapo upepo bado haujaingia.

Naishia hapa kwanza, maswali karibuni.

#2 Mchangiaji

Mkuu, somo zuri sana. Ila hapo pa kupita karibu na ncha nina swali. Nimewahi kufuatilia safari ya Singapore kwenda New York kwenye programu ya kufuatilia ndege, sikuiona ncha. Ilikuwa inakata Pasifiki, inaelekea upande wa Alaska. Sasa hiyo njia fupi kwa nini haifuatwi?

#3 Mleta uzi

Umeona sawasawa, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe.

Rubani hatafuti njia fupi kwa kilomita. Anatafuta njia ya kufika kwa mafuta kidogo na muda mdogo. Huko juu, kwenye kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali inayokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki kuizunguka dunia, inaitwa mikondo ya jeti. Inazaliwa na tofauti ya joto kati ya hewa ya nchi za joto na hewa baridi ya kuelekea nchani, na mzunguko wa dunia unaipindisha kuelekea mashariki. Katikati ya mkondo upepo unaweza kupita kilomita 300 kwa saa. Ndege ikiupata mgongoni, inachukuliwa. Ikiupata usoni, inalipa.

Kwa hiyo ile ya Singapore kwenda New York mara nyingi inapanda upande wa Japani, inavuka Pasifiki ya kaskazini na kushuka Marekani ikiwa na upepo nyuma. Njia hiyo inaweza kupita kilomita 16,000, ndefu kuliko duara kuu, na bado ikawahi. Sasa fuatilia ile ya New York kwenda Singapore: mara nyingi haigeuzi kurudi ilikotoka. Inavuka Atlantiki, inapita Ulaya, inashuka kupitia Asia. Nayo inaelekea mashariki, nayo ina upepo nyuma. Yaani mtu anayekwenda na kurudi anaweza kumaliza safari akiwa ameizunguka dunia nzima. Mimi bado hili linanifurahisha kila ninapomwonyesha mteja.

Ncha yenyewe nayo ina masharti yake. Mafuta ya ndege aina ya Jet A yanaanza kuganda kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na Jet A-1 kwenye 47 chini ya sifuri, wakati hewa ya nje huko juu inaweza kuwa baridi kuliko hapo. Mafuta ndani ya mabawa hupoa taratibu, kwa hiyo marubani wanatazama joto lake saa kwa saa, na likishuka mno wanashuka kwenye hewa yenye joto zaidi au wanaongeza kasi. Dira ya sumaku haiaminiki huko. Setilaiti za mawasiliano zilizosimama juu ya ikweta hazionekani vizuri ukishapita latitudo ya 80, inabidi redio za masafa marefu au setilaiti za aina nyingine. Na viwanja vya kukimbilia mtu akiugua au injini ikileta shida ni vichache, tena vina baridi kali. Pamoja na hayo yote ndege hupita huko. Shirika la SAS lilianza safari ya Copenhagen–Tokyo kupitia Ncha ya Kaskazini Februari 1957, likitua Anchorage kujaza mafuta.

#4 Mchangiaji

Ongezea na siasa mkuu. Anga ni mali ya nchi, si kila ndege inaruhusiwa kupita kila mahali.

#5 Mleta uzi

Kweli kabisa, na mfano mzito ni Finnair, shirika la ndege la Finland. Helsinki–Tokyo kwa duara kuu ni kilomita 7,800 na ushei, na karibu njia yote iko juu ya Urusi. Finnair ilijenga biashara yake ya Asia juu ya jiografia hiyo: Helsinki iko mahali pazuri kwa anayetoka Ulaya kwenda Asia ya Mashariki, na safari ilikuwa ya saa 9 na nusu hivi. Februari 2022, baada ya vita vya Ukraine kupamba moto, anga ya Urusi ikafungwa kwa mashirika ya Umoja wa Ulaya. Safari ileile ikawa ya saa 13 hivi, ndege ikizunguka ama kusini ama kaskazini juu ya ncha, na kilomita zikapita 12,000.

Hebu tafakarini. Viwanja havikusogea hata hatua moja. Ukienda leo kwenye tovuti ya kukokotoa, Helsinki na Tokyo bado ni kilomita zilezile. Kwa abiria umbali umeongezeka kwa zaidi ya nusu.

#6 Mchangiaji

Samahani kwa swali la mwanafunzi. Dunia inazunguka kutoka magharibi kwenda mashariki, si ndiyo? Kwa nini ndege isipae tu, ikae hewani, dunia ikazunguka chini yake mpaka mji unaotakiwa ufike? Na anayeruka kwenda magharibi si ndiye angewahi, kwa sababu mji unamfuata?

#7 Mleta uzi

Swali zuri, ndugu yangu, na wala usiombe samahani. Hewa nayo inazunguka pamoja na dunia. Ndege ikiwa imesimama uwanjani tayari inakwenda na dunia, na ikipaa inapaa ndani ya hewa inayokwenda vilevile. Isingekuwa hivyo, ungesimama kwenye ikweta ukapigwa na upepo wa zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa kila siku. Kwa hiyo mji haumfuati mtu. Ukweli ni kinyume cha ulivyodhani: kwenye latitudo za kati, anayekwenda mashariki ndiye anayewahi, kwa ajili ya ile mikondo niliyoitaja.

New York–London ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Umbali ni kilomita 5,540 hivi. Ratiba ya kwenda London huwa karibu saa 7, ya kurudi New York karibu saa 8. Februari 2020, kimbunga Ciara kilipokuwa kinaelekea Ulaya, Boeing 747 ya British Airways ilifanya safari hiyo kwa saa 4 na dakika 56. Ilikimbia zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa ukiipima kwa ardhi iliyo chini yake. Wengi wakasema imevunja mwendo wa sauti. Haikuvunja. Kasi inayohusu sauti ni ya ndege dhidi ya hewa inayoizunguka, na hiyo ilikuwa ya kawaida. Hewa yenyewe ndiyo iliyokuwa inakimbia. Iliyovunja kweli ni Concorde, ambayo tarehe 7 Februari 1996 ilitoka New York hadi London kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59.

Kusini mwa dunia mambo ni hayohayo. Johannesburg–Sydney ni kilomita 11,000 hivi. Kwenda Sydney ni chini kidogo ya saa 12, kurudi ni karibu saa 14. Miji hiyo iko latitudo ya 26 na ya 34, lakini duara kuu linashuka hadi kama latitudo ya 50, katikati ya Bahari ya Kusini ambako hakuna pa kutua. Aliyezoea ramani ya ukutani akiliona hilo kwenye skrini ya kiti chake anadhani rubani amepotea.

#8 Mchangiaji

Mimi ningedhani inalipana: unachopoteza kwenda unakipata kurudi. Kwa hiyo jumla ya kwenda na kurudi upepo hauna athari.

#9 Mleta uzi

Hailipani, na tuifanye hesabu hapa hapa. Chukua umbali wa kilomita 9,000 na ndege ya kasi ya 900. Bila upepo: saa 10 kwenda, 10 kurudi, jumla 20. Sasa weka upepo wa 100 usiobadilika. Wenye upepo nyuma wanakwenda kwa 1,000, wanatumia saa 9. Wenye upepo mbele wanakwenda kwa 800, wanatumia saa 11 na robo. Jumla saa 20 na robo. Ile robo imetoka wapi? Upepo wa mbele unakukamata kwa muda mrefu kuliko upepo wa nyuma unavyokusaidia, kwa sababu ukiwa unapingwa unakaa hewani zaidi. Upepo ukiwa mkali zaidi, hasara inakua haraka. Ndiyo maana wapangaji wa njia hawakubali kupigana nao kichwa kwa kichwa wakiwa na pa kukwepea, na ndiyo maana ile safari ya kuizunguka dunia ya Singapore ina akili.

#10 Mchangiaji

Wakuu, niko upande wa ufundi wa ndege, naomba niongeze habari ya mafuta, maana bila mafuta kilomita zote hizi ni maneno.

Safari ya Singapore–New York inafanywa na Airbus A350-900 ya toleo la masafa marefu zaidi. A350-900 ya kawaida inabeba lita 141,000 hivi. Hii imefanyiwa marekebisho kwenye mfumo wa mafuta ikafikia lita 165,000. Kwa uzito hizo ni kama tani 130, na uzito wa juu kabisa wa kurukia ni tani 280. Yaani ikijazwa pomoni, karibu nusu ya kinachoruka ni mafuta. Na mafuta ya saa ya kumi na nane yanabidi yabebwe saa zote kumi na saba za kabla yake, na kuyabeba kunakula mafuta mengine. Ndiyo sababu ya kupunguza abiria: ndani kuna viti 161 tu, 67 vya daraja la biashara na 94 vya daraja la kati, daraja la kawaida hamna kabisa.

Kwa sababu ya uzito huo ndege haiwezi kupanda moja kwa moja hadi kimo inachokitaka. Inaanza chini kidogo, inachoma, inakuwa nyepesi, inapanda hatua moja. Inachoma tena, inapanda tena. Mwisho wa safari iko juu kuliko ilivyokuwa mwanzo. Msafiri akiona kimo kinabadilika kwenye skrini asiogope.

Singapore Airlines waliwahi kuruka njia ya namna hii, Singapore–Newark, kuanzia 2004 hadi 2013 kwa A340-500 yenye injini nne. Ilikuwa inafika vizuri, ila injini nne zilikuwa zinakula sana. Ikasimamishwa mpaka A350 ilipokuja Oktoba 2018. New York Kennedy ikafuata Novemba 2020.

#11 Mleta uzi

Asante sana mkuu, hiyo ya kubeba mafuta ya kubebea mafuta inajibu wale wanaoniuliza kwa nini ndege zisiruke popote bila kutua.

#12 Mchangiaji

Kikomo ni kipi sasa? Viwanja viwili vilivyo mbali kabisa vinaweza kuachana kilomita ngapi?

#13 Mleta uzi

Kikomo ni nusu ya mzunguko wa dunia, kilomita 20,000 hivi. Zaidi ya hapo unaanza kukaribia kwa upande wa pili. Madrid na Wellington zinakaribia kikomo hicho: kama 19,850. Hakuna safari ya moja kwa moja kati yao. Inayonyemelewa kwa nguvu ni Sydney–London, kilomita 17,000, ambayo Qantas, shirika la ndege la Australia, wameiagizia A350-1000 zenye tangi la ziada la lita 20,000 na viti 238 tu. Novemba 2019 walijaribu London–Sydney kwa Boeing 787 yenye watu wachache ndani, ikachukua saa 19 na dakika 19. Upande wa pili, kutoka Sydney kwenda London, wenye upepo wa mbele, unaweza kugusa saa 22. Tayari wanaruka Perth–London, kilomita 14,500, tangu Machi 2018.

#14 Mchangiaji

Mleta uzi, mimi ni mama wa nyumbani, sina habari na duara kuu, lakini nimesoma uzi wote mpaka hapa. Shida yangu ni hii. Mama yangu mzazi, mtu mzima, anatoka New York kuja kwangu Singapore. Nimepewa chaguo mbili, moja bila kutua na nyingine ya kupitia Frankfurt. Nimeangalia umbali, naona kupitia Frankfurt kunaongeza kidogo sana. Je, muda nao unaongezeka kidogo? Na pili, nikiangalia tiketi naona anaondoka tarehe 10 Julai na kufika tarehe 12. Siku mbili za nini, na safari wanasema haifiki hata saa 19?

#15 Mleta uzi

Shikamoo ya mama uifikishe, dada. Nakujibu moja moja.

Kuhusu Frankfurt, macho yako hayajakudanganya kwenye kilomita. Singapore–Frankfurt ni 10,260 hivi, Frankfurt–New York ni 6,190 hivi. Jumla 16,450, yaani zimeongezeka 1,100 tu. Muda ni habari nyingine. Kwa mwelekeo wa kutoka Singapore kwenda New York, safari hiyo inachukua saa 24 hivi wakati ya moja kwa moja ni kama saa 18 na nusu. Kilomita 1,100 ni saa moja na robo ya kuruka, sasa saa nyingine zimeliwa na nini? Kushuka, kujaza mafuta na kupaa upya, na upepo wa mbele juu ya Atlantiki. Kwa mwelekeo wa mama upepo uko upande wake, nafuu ipo, lakini kutua kunabaki kutua. Na kama ni kubadili ndege, usihesabu saa za angani peke yake: kuna kutembea kutoka geti hadi geti na ukaguzi. Kwa mtu mzima mimi siachii chini ya saa mbili na nusu za kuunganisha, hata kama ratiba inaruhusu pungufu. Omba kiti cha magurudumu mapema, wakati wa kukata tiketi, si siku ya safari. Upande mwingine, kukaa kitini saa 18 mfululizo si jambo dogo kwa miguu ya mzee, na kuna wazee wanaoona heri kutua katikati na kujinyoosha. Daktari wake aulizwe kabla hujalipa.

Kuhusu tarehe, hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa, basi tuende taratibu. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mahali husika: ya kuondoka ni ya New York, ya kufika ni ya Singapore. Huwezi kuzitoa moja kwa nyingine hivihivi. Zipeleke zote kwenye saa ya dunia, UTC, ndiyo wanayotumia marubani wenyewe. Singapore iko mbele ya UTC kwa saa 8 mwaka mzima. New York iko nyuma kwa saa 5 wakati wa baridi na 4 wakati wa kiangazi, maana wao husogeza saa, Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Tofauti ya miji hiyo basi ni saa 13 au 12 kutegemea na mwezi.

Mfano wa Januari: ndege inaondoka New York Jumatatu 22:00, yaani saa 4 usiku. Ongeza 5, ni Jumanne 03:00 UTC. Ongeza saa 19 za safari, ni Jumanne 22:00 UTC. Ongeza 8, ni Jumatano 06:00 Singapore, saa 12 asubuhi. Jumanne karibu yote imepita mtu akiwa angani. Ukigeuza upande wa pili, aliyetoka Singapore saa 6 usiku akaruka saa 18 anatua New York saa 11 alfajiri ya tarehe ileile.

Jaribu ya mama kwa Julai, uniletee hapa.

#16 Mchangiaji

Nimejaribu. Anaondoka New York tarehe 10 Julai 22:00. Kiangazi, naongeza 4: tarehe 11, 02:00 UTC. Safari imeandikwa saa 18 na dakika 50: tarehe 11, 20:50 UTC. Naongeza 8: tarehe 12, 04:50. Saa 11 kasoro dakika 10 alfajiri. Kwa hiyo natoka nyumbani usiku wa kuamkia tarehe 12?

#17 Mleta uzi

Barabara kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 12.

Ongeza hili moja. Zile saa 18 na dakika 50 zinahesabiwa tangu ndege inaposukumwa kutoka getini New York hadi inapoegeshwa Singapore. Ndani yake kuna foleni ya kurukia, ambayo Kennedy jioni inaweza kuwa ndefu, na mashirika huweka akiba ya dakika kwa ajili hiyo. Kwa hiyo usishangae ikitua mapema, hata nusu saa au zaidi, siku upepo ukiwa mzuri. Tangu asubuhi ya tarehe 11 kwa saa za kwako fungua programu ya kufuatilia ndege, weka namba ya safari, utaona makadirio ya kufika yakibadilika kadiri inavyokwenda. Makadirio hayo yafuate kuliko tiketi. Baada ya kuegeshwa kuna pasipoti na mabegi, na mwenye kiti cha magurudumu hushushwa mwisho, kwa hiyo mama asipotokea mlangoni haraka usianze kuhangaika.

Namba ya safari ukishaipata iweke hapa, tutaifuatilia pamoja.